Jina na Anwani ya Seva ya Unix: Namna ya Kuvibadilisha

Kwa desturi ya Wanande wa Butembo na Beni, mtoto wa kiume wa pili huitwa Kambale, na wa nne huitwa Kakule. Nyumbani jina hilo latosha kumtambulisha mwenyewe. Katika ukumbi wa mihadhara, akiitwa Kambale, huenda wakaitika watatu, na hapo hulazimu kuongeza jina jingine. Jina la seva ya Unix lina tabia hiyo hiyo. Mashine iitwayo kambale hutambulikana vyema ndani ya kikoa chake. Nje yake huhitaji jina kamili, lenye jina la kikoa na, mara nyingi, alama ya nchi mwishoni.

Alama hiyo nayo yaweza kubadilika. Zaire ilikuwa na .zr, nchi ilipokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997 ilipewa.cd, na .zr ikafutwa mwaka 2001. Jina lolote lililoishia kwa .zr likakosa maana, ingawa mashine yenyewe haikuguswa.

Anwani ya namba ni jambo lingine. Ile ya aina ya zamani, ambayo ingali ikitumika, ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Sehemu yake ya mwanzo hutaja mtandao, si mashine. Kwa hiyo seva ikichukuliwa kutoka Butembo hadi Beni, mwendo wa kilomita zipatazo 50, na kuunganishwa na mtandao mwingine, namba yake haifai tena. Jina laweza kubaki lile lile.

Amri ya hostname hubadilisha jina papo hapo, lakini katika kumbukumbu ya muda tu. Umeme ukikatika, mashine huamka na jina lake la zamani. Ili jina lidumu sharti liandikwe katika faili: Debian hulisoma katika /etc/hostname, na FreeBSD katika /etc/rc.conf. Faili la /etc/hosts husahauliwa mno. Faili hilo ni masalio ya enzi ambapo majina yote ya mtandao yaliorodheshwa katika faili moja, kabla Paul Mockapetris hajabuni mfumo wa majina ya vikoa mwaka 1983. Likibaki na jina la zamani, baadhi ya programu hukawia au hukataa kuanza, na msimamizi hutafuta kosa mahali pasipo kosa. Inafaa kwanza kuitafuta namba ya zamani katika faili zote za /etc kwa amri ya grep.

Hatari kubwa zaidi humngoja anayefanya kazi kutoka mbali. Msimamizi aliyeko Butembo akibadilisha namba ya seva iliyoko Beni, hukata tawi alilokalia: mawasiliano yake yamepitia namba ile ile anayoiondoa. Akikosea tarakimu moja, hana njia ya kurudi ila kusafiri, na barabara hiyo haikuwa salama nyakati zote. Kinga yake ni rahisi. Kabla ya yote huamuru mashine izimike na kuwaka upya baada ya dakika kumi, kwa shutdown -r +10. Kisha huweka namba mpya kwa amri ya muda, bila kugusa faili. Akifaulu kuingia kwa namba mpya, hufuta agizo la kuzima (katika Debian, kwa shutdown -c) na kuandika faili. Asipofaulu, hungoja, mashine itaamka na namba ya zamani.

Hubaki kumbukumbu za wengine. Seva za majina huhifadhi jibu kwa muda uliowekwa na mwenye kikoa, mara nyingi sekunde 86,400, yaani siku nzima. Muda huo hupunguzwa hadi sekunde 300 angalau siku moja kabla ya kuhama. Ukipunguzwa siku ile ile, walioko nje wataendelea kubisha hodi kwenye nyumba tupu hadi kesho yake.