Fahamu: Kabla hujarusha picha ile mtandaoni

Mkulima wa Kibimba, Ngara, anapiga picha ya mkungu wa ndizi uliomzidi kimo mtoto aliyesimama kando yake. Anaandika neno la kuchekesha, anairusha. Raha tupu, na tumeizoea: mpiga picha Issa Michuzi alianza kutuwekea picha na habari mtandaoni tangu mwaka 2005.

Lakini itazame tena. Mtoto kavaa sare, na nembo ya shule inasomeka kifuani. Mtu asiyemjua kabisa sasa anajua pa kumkuta. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Ikate nembo, au mwambie mtoto autazame mkungu.

Utani nao una mpaka. Ukiandika kwamba ndizi hizo zinatibu malaria, unajua ni uongo na unakusudia kupotosha watu, umeingia kwenye kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.