Kalamu mbili, wasifu mmoja: Faida na mitihani ya waandishi wenza

KUANDIKA wasifu wa msanii mashuhuri aliyefariki ni kazi ya miaka mingi. Barua, kumbukumbu za jamaa na porojo za mahasimu hurundikana hadi mtu mmoja akalemewa. Ndiposa baadhi ya waandishi huzingatia kauli ya wahenga kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Steven Naifeh na Gregory White Smith, Wamarekani waliosomea sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard, ni mfano mwafaka. Wasifu wao wa mchoraji Jackson Pollock, uliochapishwa mwaka wa 1989, ulituzwa Pulitzer mwaka wa 1991. Mark Stevens na mkewe, Annalyn Swan, walipata tuzo iyo hiyo mwaka wa 2005 kwa kitabu kuhusu Willem de Kooning.

Faida ya ushirikiano huu si kugawana mzigo pekee. Mwandishi mwenza ndiye msomaji na mhakiki wa kwanza. Dai lisilo na ushahidi hupingwa mezani kabla ya kufika kwa mchapishaji.

Hata hivyo, kukubaliana kwa wawili si thibitisho la ukweli. Mwaka wa 2011, Naifeh na Smith walichapisha wasifu wa Vincent van Gogh, mchoraji Mholanzi aliyefariki Ufaransa mnamo Julai 29, 1890 kutokana na jeraha la risasi. Kwa zaidi ya karne moja iliaminika kwamba alijiua. Wawili hao walidai kuwa huenda alipigwa risasi kwa bahati mbaya na kijana mmoja, naye akaamua kumsitiri.

Walitaja upande ambako risasi iliingilia mwilini, na bunduki ambayo haikupatikana wakati huo. Wataalamu wa Makavazi ya Van Gogh jijini Amsterdam walipinga, wakisema kuwa msanii mwenyewe alikiri kujipiga risasi na kwamba maisha yake ya mwisho yalijaa dhiki. Wengi wao hadi leo hushikilia msimamo huo.

Mzozo huo si wa kitaaluma tu, kwani unahusu heshima ya marehemu wasioweza kujitetea: msanii anayedaiwa kujiua na kijana anayeshukiwa kuua.

Smith alifariki mwaka wa 2014, na Naifeh akaendelea kuandika kumhusu Van Gogh akiwa peke yake. Ushirikiano ulikoma, lakini swali walilouliza pamoja lingali hai.