Bingwa wa kura, si wa uwanjani

Hebu fikiria, msomaji: Gor Mahia na AFC Leopards wamalize msimu bila kushindwa wala kukutana, kisha wanahabari waketi wampigie kura bingwa. Utakubali?

Huko Marekani, mashabiki wa kandanda ya vyuo vikuu, ule mchezo wa kukimbia na mpira wenye umbo la yai, waliyazoea hayo. Tangu 1936 shirika la habari la Associated Press hukusanya kura za wanahabari wa michezo kila wiki ya msimu. Siku hizi kila mmoja hutaja timu 25: ya kwanza hupewa pointi 25, ya pili 24, hadi ya mwisho inayoambulia moja. Orodha ya kwanza hutoka Agosti, kabla ya mechi hata moja kuchezwa!

Jumamosi moja yatosha kukuangusha. Septemba 1, 2007, Michigan, iliyokuwa nambari tano, ilishindwa nyumbani 34-32 na Appalachian State, timu ya daraja la chini. Katika orodha iliyofuata, Michigan haikuonekana kabisa.

Lakini kisa cha msimu wa 1997 ndicho kichungu. Michigan ilishinda mechi zake zote 12, Nebraska zote 13. Hazikukutana. Wanahabari wakaichagua Michigan. Makocha, ambao wana kura yao, wakaitawaza Nebraska. Mabingwa wawili!

Tangu msimu wa 2014 timu bora humenyana uwanjani kutafuta bingwa, kwanza nne, kisha 12 kuanzia 2024. Na nani huziteua? Kamati, kwa kura.