Arusha hadi Karatu: Ndege Inakuokolea Nini?

Ukipima mstari ulionyooka, uwanja mdogo wa Manyara, ulio jirani na Karatu, uko kilomita 90 hivi kutoka uwanja wa ndege wa Arusha. Cessna Caravan huzimaliza kwa dakika 20 hadi 25. Kwa barabara, Arusha hadi Karatu ni kilomita 145 hivi, lami tupu. Wengi huishia kwenye hesabu hiyo, wakakata tiketi ya ndege.

Muda. Uwanja wa Arusha uko Kisongo, kando ya barabara ileile ya Makuyuni na Karatu. Anayekwenda kupanda ndege ameshaianza safari ya gari. Jumlisha kuripoti mapema, begi kuwekwa kwenye mzani, kuruka, kutua juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kisha nusu saa ya gari hadi Karatu mjini. Saa mbili zimekwisha, na ndege ikipitia kiwanja kingine kushusha abiria, zinazidi. Gari binafsi hutumia saa mbili na nusu. Basi dogo hutumia saa tatu, kwa kuwa hupakia na kushusha njiani, na kila kijiji kina tochi ya trafiki ikisubiri atakayevuka 50.

Fedha. Kwa viwango vya Desemba 2023 vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, basi la daraja la kawaida lilipangiwa shilingi 48.47 kwa kilomita, yaani kama 7,000 hadi Karatu. Nauli ya ndege hutajwa kwa dola, na gari la kukupokea Manyara ni juu yako. Mkiwa wanne, gari la kukodi mnachangia. Tiketi ya ndege kila mtu na yake. Mizigo nayo kwa kawaida haivuki kilo 15, tena kwenye begi laini.

Ndege inapolipa. Dar es Salaam hadi Manyara ni kilomita 540 hivi angani. Kwa basi, siku nzima inaishia njiani. Hapo ndege inakurudishia siku. Seronera, katikati ya Serengeti, nako ni kilomita 150 tu angani kutoka Manyara. Kwa gari kutoka Karatu ni saa nne au tano za vumbi na rasta, na ukishapita lango la Lodoare unalipa kiingilio cha Ngorongoro hata kama hushuki kreta.

Basi anayetoka Arusha apande gari. Anayetoka Dar na siku chache za likizo apande ndege. Wa Serengeti aamue kwanza kama anaitaka kreta: akiitaka, kiingilio kipo palepale, na barabara inampitisha ukingoni mwake; asipoitaka, alinganishe kiingilio, mafuta na siku ya gari dhidi ya tiketi.