Imani Inayojihoji: Kijana Mwislamu wa Kasulu na Kibondo

Kijana Mwislamu wa Kasulu au Kibondo anaposema kimoyomoyo kwamba hana hakika na imani yake, mara nyingi hamtilii shaka Mwenyezi Mungu. Anajitilia shaka mwenyewe. Anajiuliza kama swala yake ni ibada au ni mazoea ya nyumbani, kama funga yake ina ikhlasi au anaogopa macho ya watu, kama yeye ni muumini au ni mnafiki mwenye jina la Kiislamu. Mambo haya mawili, kumshuku Mungu na kuishuku nafsi, huchanganywa kila siku, na mchanganyiko huo unawatesa vijana bure. Nashikilia kwamba kujihoji kwa namna hii ni sehemu ya imani yenyewe, na kwamba Uislamu ulikujua tangu kizazi chake cha kwanza. Kinachomwangusha kijana ni kuachwa nako peke yake.

Mahali anapoishi pana mchango wake katika jambo hili. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilipita Tabora na Uvinza ikateremka hadi Ujiji, na nyanda za juu za Buha, ziliko Kasulu na Kibondo, zikabaki pembeni, upande wa kaskazini. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 nayo ilipita huko huko kusini. Kwa hiyo Ujiji ulikuwa mji wa Waislamu zamani, ilhali huku juu Uislamu ulipanda polepole, na misheni zikaota mizizi. Leo Kasulu ni makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, na jirani yake, Kabanga, ipo hospitali ya Kanisa Katoliki inayotibu watu wa dini zote. Waislamu wa huku ni wachache kati ya wengi. Darasani kijana wao huulizwa maswali ambayo mwenzake wa Unguja huenda asiulizwe hata mara moja: kwa nini mnaswali kwa Kiarabu, Yesu ni nani kwenu, mnajuaje kwamba mko sahihi? Nyumbani anaongea Kiha, shuleni Kiswahili, na katika chuo cha Qurani amefundishwa kuusoma msahafu kwa Kiarabu ambacho wengi hawakielewi. Anaweza kumaliza juzuu kadhaa kwa tajwidi nzuri bila kuambiwa maana ya aya moja. Basi akikosa jibu mbele ya wenzake, haoni kwamba hakufundishwa; anaona kwamba imani yake ni ya bandia. Kwa vijana waliokulia kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, au Nduta ya Kibondo, iliyopokea tena Warundi mwaka 2015, lipo na swali zito zaidi la kwa nini haya yaliwapata wao.

Sasa tuwatazame wale tunaowaita wema waliotangulia. Katika Sahihi Muslim imesimuliwa habari ya Handhala, mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.), aliyemlalamikia Abubakar kwamba yeye amekuwa mnafiki. Sababu yake ni hii: akiwa mbele ya Mtume huiona Pepo na Moto kana kwamba viko machoni pake, lakini akirudi kwa mke, watoto na shughuli za mali, mengi humtoka. Abubakar hakumkaripia, alikiri kwamba na yeye yanampata hayo hayo. Wakaenda kwa Mtume, naye akawafahamisha kwamba moyo wa mwanadamu haukai katika hali moja, una saa hii na saa ile. Kama Abubakar aliliona hilo ndani yake, kijana wa sekondari ya Kibondo anadaiwa uthabiti gani mkubwa kuliko wake? Katika Sahihi Bukhari imetajwa kauli ya Ibn Abi Mulayka, mtu wa kizazi kilichofuata, kwamba aliwakuta masahaba 30 na wote wakiuogopa unafiki juu ya nafsi zao. Hofu hiyo haikuwatoa katika dini, bali iliwafanya wazichunge nia zao.

Imamu Ghazali anatupeleka mbali zaidi. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mashuhuri wa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, alijipima akagundua kwamba nia yake katika kufundisha ilikuwa imechanganyika na kutafuta cheo na sifa. Ulimi wake ukakataa kusema darasani, chakula hakikumpita kooni, waganga wakakata tamaa naye. Akauacha mji. Baadaye aliyaandika hayo yote kwa mkono wake, watu wayasome.

Fikihi tunayofundishwa utotoni nayo imelipa shaka utaratibu. Mtu akiwa katika swala asijue kama ameswali rakaa tatu au nne, kwa madhehebu ya Shafii huchukua ile idadi ndogo yenye yakini, hukamilisha iliyobaki, kisha huleta sijda mbili za kusahau. Haambiwi kwamba swala yake imevunjika, wala haambiwi aondoke msikitini. Anaendelea kutoka pale alipo na hakika. Naona ajabu kwamba tunalijua hili kwa rakaa, lakini kijana akishuku hali ya moyo wake tunamfanya kama mtu aliyekwisha toka.

Wapo watakaosema kwamba kulizungumza shaka ni kumfungulia shetani mlango. Wana hoja: Mtume alifundisha kwamba mtu akijiwa na swali la nani aliyemuumba Mungu, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na aache. Lakini fundisho hilo lilitolewa hadharani, na swali lenyewe likatajwa kwa jina. Masahaba walipokuja kumweleza kwamba wanakuta nafsini mwao mambo mazito wasiyothubutu kuyatamka, hakuwafukuza. Aliwaambia kwamba kule kuchukizwa kwao ni imani iliyo wazi. Kama wangenyamaza, wasingelipata jibu hilo. Kukatisha wasiwasi ni jambo moja, kumkatisha anayeuliza ni jambo jingine.

Wengine wanahofia kwamba katika eneo la Wakristo wengi kama hili, Mwislamu akikiri shaka atakuwa amewapa silaha wapinzani. Hofu hii imekuzwa na mihadhara ya kulinganisha dini iliyopata nguvu nchini miaka ya 1980, iliyozoeza vijana kuwajibu wengine kwa aya za Biblia. Iliwapa ujasiri, na hilo si dogo. Ila mtu anaweza kushinda mjadala sokoni Kasulu saa kumi na usiku akashindwa kuikabili nafsi yake, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kazi hiyo.

Ustadhi anaweza kuianza kazi hiyo bila fedha nyingi. Tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, Qurani Takatifu, ipo kwa Kiswahili tangu mwaka 1969. Aanze na sura fupi ambazo watoto tayari wamezihifadhi, azieleze maana, na baada ya Isha aache muda wa maswali, hata yaliyoandikwa kwenye karatasi bila jina. Mengine hatayajua. Asiogope kusema hivyo mbele ya wanafunzi wake: imesimuliwa kwamba Imamu Malik wa Madina aliulizwa maswali 48, na 32 kati yake akajibu kwamba hajui.