Mwenye Ala, Mwenye Bendi: Muziki wa Dansi Kando ya Reli ya Kati

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Katika miji ya njia hiyo, hasa Dar es Salaam, Morogoro na Tabora, ndimo ulimostawi muziki wa dansi, yaani muziki wa bendi kubwa ambazo nyingi zilijiita Jazz, ingawa zilichopiga hasa ni rumba ya Kuba na ya Kongo iliyochanganywa na midundo ya nyumbani.

Bendi kamili ilikuwa na gitaa la solo, la ridhimu na la besi, tumba na dramu, saksafoni na tarumbeta, pamoja na waimbaji waliopokezana. Wimbo ulianza taratibu kwa beti za kisa, mara nyingi cha ndoa au maisha ya mjini, kisha ukaingia chemko, sehemu ya pili yenye kasi, ambamo magitaa yalisukana, vipulizi vikajibu na ukumbi mzima ukaserebuka kwa mtindo wa bendi yenyewe, kama vile Msondo wa NUTA Jazz au Sikinde ya Mlimani Park.

Ala hizo ziliagizwa ng'ambo na bei yake ilimshinda mwanamuziki wa kawaida, kwa hiyo baada ya uhuru wenye bendi wakawa mashirika na taasisi: NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, na majeshi nayo yalikuwa na zake. Mpigaji alilipwa mshahara, na alipohama aliliacha gitaa. Mwimbaji Muhidin Gurumo alipoiacha bendi hiyo ya chama cha wafanyakazi na kuingia Mlimani Park mwaka 1978, alihama na sauti yake tu.

Mwanamuziki Patrick Balisidya, aliyezaliwa Mvumi, Dodoma, mwaka 1946, alishika njia tofauti na ngumu zaidi, kwani Afro 70 ilikuwa bendi yake mwenyewe. Iliiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC huko Lagos mwaka 1977, na baadaye ikatoka santuri ya Bado Kidogo, aliyoitengeneza pamoja na kundi la Archimedes Badkar la Sweden.

Santuri za bendi za Tanzania zilikuwa zikitengenezwa Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, kimbilio kuu likabaki studio ya Radio Tanzania, ambako nyimbo zilirekodiwa kwenye utepe na kurushwa hewani. Uchumi ulipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, mashirika mengi yalidhoofika au yakabinafsishwa, na kinanda cha umeme kikaanza kushika nafasi ya wapuliza tarumbeta. Husemwa kwamba vijana waliukimbia muziki wa dansi wakaenda kwenye Bongo Fleva, lakini lawama hiyo inawaonea: kabla hawajaondoka, aliyekuwa akinunua nyuzi na kulipa mishahara alikuwa ameshajitoa.

Bendi za mitindo ile ya Msondo na Sikinde ziliingia karne hii zikiwa bado jukwaani, huku tepu za Radio Tanzania zikirithiwa na Shirika la Utangazaji, TBC; nyimbo nyingi zilizomo hazikuwahi kutolewa kwenye santuri, na utepe wa sumaku huchakaa hata usipochezwa.