Je, Wajua? Kazi Kubwa ya Lori Si Mzigo

Katika SnowRunner, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na kampuni ya Saber Interactive na kutolewa mwaka 2020, adui wa dereva si dereva mwenzake. Ni tope, theluji na mito ya Michigan, Alaska na Taymyr kule Urusi. Mchezaji hupewa kazi za namna nyingi: kufikisha mzigo, kuvuta lori lililokwama, kutafuta tela lililotelekezwa, kufikia minara ili ramani ifunguke, kukimbizana na saa, na kutengeneza madaraja yaliyobomoka au njia zilizofukiwa na mawe. Wachezaji wengi huona kufikisha mzigo ndiyo roho ya mchezo, na hizo nyingine ni viungo tu. Mimi naona roho yake ni daraja. Mzigo ukishafika, kazi yake imekwisha. Daraja likishapelekewa mbao na vyuma hubaki, na kila lori litakalopita baadaye hupunguziwa safari. Kazi hiyo moja hubadilisha hesabu ya kazi zote zilizobaki.

Anayedhani haya ni ya mchezoni tu na aitazame Kwale, pwani ya Kenya. Kwa miaka mingi, lori la kutoka bara likileta saruji au vyakula vya hoteli za Diani lilikuwa na njia mbili: kupanga foleni ya feri ya Likoni, au kuzunguka mbali kupitia Kinango. Dereva hodari hakuweza kulitatua hilo, wala injini kubwa. Lililolitatua ni barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi Ng'ombeni kwa kuvuka maji juu ya madaraja ya Mwache na Mteza, iliyokamilika mwaka 2024. Mgodi wa madini wa Base Titanium, huko huko Kwale, nao, kabla ya shehena yake ya kwanza kuondoka mwaka 2014, ulilazimika kwanza kujenga barabara ya kuingilia na gati huko Likoni. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024, lakini barabara haikuondoka na madini.

Kuna watakaopinga kwamba mchezo huu hauwezi kuwa shahidi wa lolote, kwa kuwa kazi zake nyingi hazina haraka: mzigo waweza kulala njiani wiki nzima na malipo yakawa yale yale. Pingamizi hilo lina uzito. Miwa ya Ramisi, huko huko Kwale, ikikatwa, utamu wake huanza kupungua, na inatakiwa kusagwa ndani ya siku moja au mbili. Wala mchezoni hamna utingo wa kuruka chini kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Lakini tazama pingamizi linaelekea wapi: kadiri mzigo unavyoharibika upesi, ndivyo njia nzuri inavyozidi kuwa na thamani. Miwa inaunga mkono daraja.

Udhaifu mkubwa zaidi wa mchezo huu uko kwingine. Mchezoni tope huchimbika na kuacha mifereji, lakini lami haichoki hata ikipitiwa na lori zito mara elfu. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ukiuzidisha uzito mara mbili, uharibifu waweza kufika mara 16. Ndiyo sababu ya mizani barabarani, na ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake. Laiti waundaji wangeongeza kazi moja tu, ya kurudi kuziba mashimo uliyoyachimba mwenyewe kwa tamaa ya kujaza tela. Mpaka hapo, ukiucheza mchezo huu, anza na madaraja. Mashindano ya saa yaweke mwisho.